Mwani na chumvi: eksperimenti ya chupa nane unaeza fanya kwa dirisha ya keja

Mpwa wangu ako kidato cha tatu, na mwalimu wake wa bayolojia alisimama mbele ya darasa akasema mwaka huu hataki kuona betri ya ndimu wala volkano ya siki kwa maonyesho ya sayansi, mwenye ataleta hiyo atarudi nayo kwao. Jioni hiyo kijana akanijia na sura ya mtu amefiwa. "Anti, wewe si hupima maji kazini, nisaidie na kitu." Na ni kweli, mimi hupima maji ya visima vya watu, miaka mingi sasa, kwa hivyo nikampandisha juu kwa paa pale tunaanika nguo nikamwonyesha ndoo ya rangi imejaa maji ya mvua, kijani kama sukuma imesagwa, nikamwambia projekti yako ndio hiyo, tutaitia chumvi tuone itafanyaje.

Alidhani namchezea. Tumeifanya mara mbili sasa, ya kwanza tukaharibu vizuri sana, ya pili ikatoka, na watu wa ploti wameniuliza mpaka nimechoka kurudia, basi naandika yote hapa mara moja.

Kwanza jina. Nikisema mwani mtu wa Pwani anafikiria ule wa baharini, ule kina mama wa Unguja wanafunga kwa kamba. Mimi naongelea ule wa maji baridi, yenye haina chumvi, vijimea vya seli moja moja ama nyuzi nyembamba, ule ukijani unaota kwa tangi haina kifuniko ama kwa bwawa la samaki. Hauvioni kwa macho mpaka viwe mamilioni, hapo ndio maji yenyewe inageuka rangi. Na kitu nataka uone ukimaliza hii kazi ni moja tu: chumvi ile ile, kiasi kile kile, inaeza maliza chupa moja na ingine ibaki kijani, na tofauti ni kwamba moja uliitia kwa pupa na ingine ukaitia polepole. Hiyo ndio yenye watu hawaamini mpaka waone.

Ukiuliza kwani nani hutia mwani chumvi, jibu ni wengi. Huko Marekani na Kanada wakati wa theluji wanamwaga chumvi barabarani ndio barafu iyeyuke, alafu mvua inaisukuma yote mpaka mitoni na kwa maziwa. Huku kwetu ni jua, ziwa lenye halina njia ya kutoa maji linakauka juu na chumvi inabaki, ndio maana Nakuru, Elementaita na Bogoria ni vile ziko. Naivasha iko jirani yao kabisa na haina mto wa kutoka, lakini maji yake inapenya chini kwa chini inaondoka na chumvi, basi imebaki maji tamu. Ziwa Turkana iko katikati, kama gramu mbili na nusu za chumvichumvi kwa lita, unaeza inywa ukiwa na kiu sana ila hautafurahia. Kumbuka hiyo namba, tutairudia.

Maji ya kijani. Weka ndoo ya maji nje juani, ingine yenye haikuwa na sabuni, na punje tatu za mbolea ya NPK 17:17:17 kwa kila lita, hiyo agroveti watakupimia hata ya mkono mmoja. Ukitia kidogo kutoka kwa tangi lenye tayari liko kijani itashika haraka, wiki moja mpaka mbili. Kama uko na rafiki anafuga tilapia huko Ruai ama Kiambu mwombe lita tatu umalize hiyo kazi. Nairobi Dam usiende, ile gugumaji haitakuacha hata uone maji, na mto wenyewe wa Nairobi unajua vile uko. Alafu kama ukijani wako uko na rangi ya kuingia bluu na umetanda juu kama rangi ya mafuta imemwagika na unanuka udongo, hiyo inaeza kuwa sianobakteria na zingine zao hutoa sumu ya maini, usiifanyie mchezo, nawa mikono na usiache mtoto ama mbwa aikaribie. Kwa hii kazi tunataka ile kijani ya majani, imesambaa ndani ya maji yote.

Sasa chuja. Leso kuukuu, ikunje mara mbili, pitisha maji yote. Hii hatua usiruke hata kama umechoka. Ndani ya hiyo ndoo kuna viluwiluwi vya mbu, na kuna wale wadudu wadogo wanarukaruka kama viroboto, hao ndio wanakula mwani mchana na usiku. Chumvi huwaua wao kwanza kabla mwani haujasikia kitu. Unaelewa shida iko wapi? Chupa yenye umeweka chumvi kidogo, walaji wanakufa, mwani unabaki peke yake unanenepa, na wewe unaandika kwa kitabu kwamba chumvi ni mbolea. Na hii sio stori ya ndoo tu, kwa maziwa ya Amerika Kaskazini ndio kitu wanaogopa, chumvi ya barabara inamaliza hao wadudu alafu ziwa linageuka kijani. Kanada kiwango chao cha kulinda viumbe vya majini kwa muda mrefu ni miligramu 120 za kloraidi, hiyo ni sehemu moja ya chumvi, kwa lita, Marekani ni 230. Hiyo ni kidogo sana, ulimi wako hauwezi hata kuonja.

Maji ya kuongezea nayo, kama ni ya mfereji ya kutoka bwawa la Ndakaini iko na klorini, iache kwa karai wazi siku mbili ama ichemshe uipoeze. Kama kwenu ni boza, uliza ni ya wapi, kwa sababu boza nyingi hapa zinachota visima na maji ya kisima tayari iko na chumvichumvi zake na floraidi. Mita ndogo ya kupima chumvichumvi inapatikana pale Luthuli Avenue mjini Nairobi, sio ghali, ila zile za bei ya chini ziko na mwisho wa kusoma, ukipita gramu tisa na kitu kwa lita zinaanza kukuonyesha mistari tu. Kwa hivyo chupa za chumvi nyingi usizitegemee kwa mita, tegemea hesabu yako.

Chumvi ni ya kawaida ya dukani. Iko na ayodini kidogo, haitakusumbua. Lakini hapa ndio tuliharibu mara ya kwanza na naona haya kuandika. Nilikuwa na kibakuli kwa kabati hakina lebo, nyeupe, nikapima gramu zangu vizuri kabisa, nikachanganya, baada ya siku mbili chini ya chupa kumekaa vumbi nyeupe na maji ikishikwa inateleza kama ya sabuni. Ilikuwa magadi. Ile ya kulainisha maharagwe. Magadi ni kabonati ya sodiamu na ndugu yake bikabonati, inapandisha pH juu sana na kukoroga vile maji inashika hewa ya kaboni, kwa hivyo mwani ukikufa haujui umeuawa na chumvi ama na ukali wa magadi. Kuna wenye wanapenda hivyo, ile Spirulina ya Bogoria na Nakuru yenye heroe wanakula inaishi kwa maji ya magadi bila shida, na maji ya Nakuru ilipopanda ikajichanganya na mvua miaka hiyo ya baada ya 2010, heroe wengi walihama kwa sababu chakula chao kilipungua. Huo ulikuwa mwani umeshindwa na maji tamu, sio chumvi. Lakini hiyo ni projekti ya mtu mwingine. Onja kwanza, chumvi unaijua.

Vipimo sasa. Chukua gramu 50 za chumvi kwa mizani ndogo ya jikoni, weka ndani ya chupa, alafu ongeza maji mpaka ifike nusu lita. Sio nusu lita ya maji alafu chumvi juu, hapana, chumvi kwanza, maji inajaza mpaka alama. Hii tunaiita maji mama, iko na gramu 100 kwa lita. Nunua sirinji ya mililita 20 kwa kemisti, na chupa nane za maji za plastiki zenye ziko wazi kabisa, zote za aina moja.

Kila chupa inapata mililita 250 za maji ya kijani, hiyo haibadiliki. Ya kwanza ongeza maji matupu 250, hiyo ni sifuri yako, ndio utapima wengine nayo. Ya pili maji mama 5 na matupu 245, hapo uko na gramu 1 kwa lita. Ya tatu 10 na 240, hiyo ni gramu 2, imekaribia Turkana. Ya nne 25 na 225, gramu 5. Ya tano 50 na 200, gramu 10, kidogo juu ya ile dripu ya chumvi wanakuwekea hospitali, hiyo iko na 9. Ya sita 100 na 150, gramu 20, sasa uko zaidi ya nusu ya safari kuelekea bahari ya Mombasa, bahari iko na kama 35. Hizo zote unatia chumvi mara moja, siku ya kwanza, kwa pupa.

Mbili za mwisho ndio tamu ya hii kazi. Ya saba weka kijani 250 na maji matupu 200, usiweke chumvi, alafu kila asubuhi kwa siku kumi ongeza mililita 5 za maji mama. Siku ya kumi itakuwa nusu lita kamili na gramu 10 kwa lita, sawa kabisa na ile ya tano, ila imefika pole pole. Ya nane fanya vilevile lakini mililita 5 za kila siku ziwe maji matupu, ndio mtu asije akakuambia ni kwa sababu ulikuwa unaikorogakoroga kila siku. Andika lebo kwa chupa yenyewe, sio kwa kifuniko. Vifuniko huzunguka, niulize mimi.

Ziweke kwa dirisha lenye linapata mwanga lakini sio jua la saa saba moja kwa moja, hiyo itazipika. Kifuniko legeza, usifunge kabisa. Chora mstari kwa kalamu pale maji imefika, ikipungua kwa kukauka ongeza maji matupu mpaka mstari, chumvi hairuki na hewa, inabaki ndani, kwa hivyo ukiongeza maji ya chumvi unaizidisha bila kujua. Na kama ni Julai na hii baridi yetu, zipe wiki tatu.

Sasa kaa hapo tuongee vile iko ndani ya seli, maana bila hiyo utakuwa unapiga picha za chupa tu.

Kitu watu husahau ni kwamba mwani wa maji baridi shida yake ya kila siku ni maji mengi. Ndani ya seli kuna chumvichumvi, sukari na protini kuliko nje, kwa hivyo maji inaingia yenyewe bila hodi, usiku na mchana. Wenye wako na ukuta mgumu kama Klorela wanaachia ukuta ubebe hiyo presha, vile tairi linashika tyubu. Klamidomonasi, huyu ni yule wa mikia miwili anaogelea, yeye ako na vakuoli mbili ndogo karibu na pale mikia inatokea, zinajaa maji zinakamua nje, zinajaa zinakamua, kama mtu wa nyumba ya chini siku ya mafuriko anachota na karai hapati hata dakika ya kupumzika. Ukiweka chumvi kidogo nje, kwake hiyo inaeza kuwa afueni, karai inapunguza mwendo. Ndio maana chupa yako ya gramu 1 haitakuonyesha kitu, hata usiingojee.

Ukizidisha, mambo inageuka. Nje sasa kuna chumvi kuliko ndani, maji inatoka badala ya kuingia, na hiyo inachukua dakika tu. Seli inanywea. Hii unaeza iona kwa macho yako kama shule iko na hadubini: tafuta Spirojira, zile nywele za kijani zinateleza kwa mfereji wa maji safi, weka uzi mmoja kwa kioo, iko na utepe wa kijani umejizungusha kama springi ndani ya kila chumba. Dondosha tone moja la maji mama pembeni, vuta na tishu upande wa pili. Usiondoe jicho. Utaona utando wa ndani unaachana na ukuta kwa kona, kwanza kona tu, alafu ule utepe unasukumwa katikati unajikunja mpaka chumba kinabaki na kifungu kimoja cha kijani na nafasi tupu pande zote. Mpwa wangu alipiga kelele maabara yote ikageuka. Ukirudisha maji matupu haraka baadhi zitajaa tena, ukichelewa zingine hazirudi.

Hiyo ni dakika. Masaa yanayofuata ndio sumu yenyewe inaingia, na hapa watu wengi huchanganya, wanadhani chumvi ni kukausha tu. Sodiamu, ile sehemu ingine ya chumvi, inapenya ndani na potasiamu inatoka, na enzaimu za seli zimezoea potasiamu, sodiamu ikijaa zinafanya kazi vibaya. Seli inaanza kuitupa nje kwa pampu, na pampu zinakula nguvu. Wakati huo huo ile mitambo ya kushika mwanga, hasa ile wanaita fotosistemu ya pili, huwa inaharibiwa na mwanga kila siku na kila siku inakarabatiwa, ni kawaida yake, lakini chumvi inachelewesha fundi. Mwanga unaendelea kuja, mtambo haumalizi kazi, nguvu inamwagikia oksijeni na inageuka oksijeni kali inayochoma kila kitu iko karibu. Seli nzuri inatoa enzaimu za kuizima, katalesi na wenzake, na inaongeza karotenoidi zile za rangi ya karoti za kuikinga na mwanga. Klorofili, ile rangi ya kijani yenyewe, nayo inapungua. Jumlisha hizo mbili uone ni kwa nini chupa ya gramu 10 siku ya tatu inaanza kuwa njano njano. Sio uchafu.

Alafu kuna siku ya pili yenye itakudanganya. Utaamka upate maji imesafika juu na ukijani wote umelala chini, useme imekufa. Mpwa wangu aliniita nikiwa kwa matatu, "Anti zimekufa zote." Nikamwambia tikisa. Ikarudi kijani. Klamidomonasi ukiipa kama gramu 6 kwa lita huwa inaangusha mikia, haiogelei tena, inajigawa lakini watoto hawaachani, wanabaki wamejifunika pamoja na ute, nne, nane, kumi na sita ndani ya gunia moja. Kundi ni zito, linazama. Iko hai kabisa, imejificha tu. Kwa hivyo kila asubuhi tikisa chupa zote kabla ya kupiga picha, na uandike pia vile zilikuwa kabla ya kutikisa, zote mbili ni majibu.

Siku zinazofuata ndio kazi ya kujiokoa, na ndio inaeleza chupa ya saba. Seli haiwezi kushindana na chumvi ya nje kwa kuingiza chumvi ndani, itajiua. Inatengeneza vitu vyake vya kujaza, vidogo, vinavyeyuka vizuri na havisumbui enzaimu: prolini, sukari ya kawaida hii ya sakrosi, gliseroli. Zikijaa ndani maji inarudi, seli inanenepa tena. Kila aina iko na chaguo lake. Klorela hupenda prolini. Klamidomonasi hutengeneza gliseroli lakini nyingi inavuja nje, ni kama kujaza mtungi umetoboka. Dunaliela, huyo wa maji ya chumvi kali kabisa, yeye hana hata ukuta mgumu na anatumia hiyo hiyo gliseroli, ila yeye anajua kuishikilia ndani, na ndio anaishi mahali Klamidomonasi ingekufa asubuhi. Kitu ni ile ile, mtungi ndio tofauti.

Na hiyo gliseroli ama prolini haitoki hewani. Inatoka kwa wanga seli iliweka akiba na kwa kazi ya mwanga ya siku hiyo. Kaboni yenye ingetengeneza watoto inaenda kujaza tumbo, kwa hivyo hata chupa yenye imepona itakua polepole kuliko sifuri. Zingine zinaweka mafuta ndani, matone matone, watu wa dizeli ya mwani wamefuata sana hiyo, wanaitesa na chumvi makusudi. Sasa fikiria zile mbili za gramu 10. Ya pupa imepigwa na yote mara moja, maji imetoka, sodiamu imeingia, mtambo wa mwanga umezima, na huo mtambo ndio ulikuwa ulipe gharama ya kutengeneza vya kujaza. Ni kudaiwa kodi siku yenye umefutwa kazi. Ile ya polepole kila asubuhi inadaiwa gramu moja, inalipa, inalala, kesho gramu ingine, na mtambo bado unafanya.

Kupima usitumie macho tu, macho yana upendeleo. Tulichukua boksi la viatu tukatoboa pande mbili, tochi upande mmoja, simu upande mwingine na ile programu ya bure ya kupima mwanga, chupa katikati. Mwanga ukipita kidogo mwani ni mwingi. Tochi ni ile ile, umbali ni ule ule, usisogeze. Na picha moja kila siku saa moja asubuhi, chupa zote nane kwa mstari mbele ya karatasi nyeupe. Usijaribu kuchuja na karatasi ya kahawa ndio uone rangi, Klorela ni ndogo sana zinapita tu.

Kwetu ilienda hivi. Gramu 1 na 2 ilibidi uangalie namba za boksi ndio uone tofauti na sifuri. Gramu 5 ilizama, ikakaa kama imesusa, kama siku ya sita ikaanza kupanda tena. Gramu 10 ya pupa ikawa njano na ikabaki hapo. Gramu 20 ikapauka. Na ile ya saba, siku ya kumi ikiwa imefika gramu 10 kamili, ilikuwa kijani. Nyepesi kuliko ya nane, ndio, lakini kijani, unaiweka kando ya ile ya tano na unaona ni kama sio chumvi moja. Yako inaeza toka tofauti kwa sababu ndoo yako iko na mchanganyiko wake. Kumbuka pia kuna njia mbili hapo: seli moja moja zimejizoesha, ama wenye hawawezi chumvi wamekufa na wenye wanaweza wakajaza nafasi. Kwa chupa ya maji ya ndoo hauwezi tenganisha hizo bila hadubini, na jaji akiuliza usijifanye unajua.

Majaji wa shule waliuliza swali zuri, ile njano imekufa ama imelala? Hiyo unajibu hivi: chukua kijiko kutoka kwa kila chupa ya chumvi, weka kwa glasi, uiongezee maji matupu na punje ya mbolea, ngoja. Ila usimwage kwa pupa pia hapa, kurudi maji tamu ghafla ni kipigo kingine, seli imejaza gliseroli na prolini tumboni na sasa maji inaingia kwa nguvu, zingine zinapasuka. Ongeza maji kidogo kidogo siku tatu. Karibu tupoteze hii sehemu yote kwa sababu mzee wa kulinda ploti alipata glasi zimepangwa kwa ngazi akaona ni uchafu, akamwaga mbili. "Madam, hiyo ilikuwa inaleta mbu." Hakuwa amekosea sana, weka kitambaa cha neti juu.

Zenye zilibaki tuliziangalia kila siku. Ya gramu 10 ya pupa ilikaa kama maji tu, siku ya tisa mpwa wangu akainua glasi juu ya karatasi nyeupe akasema kuna kitu, mimi sikuona, siku ya kumi na moja nikaona, kijani kidogo sana kwa ukingo wa chini. Ya gramu 20 tuliipatia wiki tatu nzima ikabaki na rangi ya chai baridi. Hiyo tulimwaga kwa choo. Mama wa nyumba ya chini ako na sukuma zake kwa gunia, yeye tulimpelekea ile ya sifuri.